Moto Uliopita Alfajiri



Nia yangu leo ni kuwaeleza habari za moto upitao angani kwa ghafula, ukaimulika nchi kama mchana kwa muda wa kupepesa jicho mara chache, kisha ukatoweka. Katika lugha yetu jina lake ni kimondo. Kila mwenye desturi ya kuamka mapema, awe mvuvi, au mwadhini, au mkamuaji wa ng'ombe, amepata kuona vimondo vidogo vikichora mstari mbinguni. Lakini kile kikubwa, chenye mngurumo, mtu aweza kuishi miaka sabini asikione hata mara moja. Na kwa kuwa huja pasipo kupiga hodi, wengi wakikiona hushikwa na bumbuazi, na baadaye wakiulizwa hawana la kusema ila, "Ulikuwa moto mkubwa." Nami nataka kuwaonyesha ya kuwa mtu wa kawaida aliyetazama vema aweza kujua jambo ambalo darubini zote za ulimwengu zimeshindwa kulijua.

Huko kaskazini ya Sudan, kutoka Wadi Halfa mpaka Abu Hamad, iko njia ya reli iliyojengwa na jeshi la Waingereza na Wamisri mwaka 1897. Reli hiyo inakata jangwa moja kwa moja, ikiuacha mto wa Nili uzunguke mbali upande wa magharibi. Vituo vyake vya jangwani havikupewa majina, maana hapakuwa na vijiji vya kuviazima majina. Vilipewa hesabu tu, cha kwanza, cha pili, na kuendelea. Kimoja chaitwa kwa Kiarabu Almahata Sitta, na msikilizaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kutambua neno la mwisho: ni Kituo cha Sita. Pande zote ni mchanga na changarawe na vilima vya mawe, wala hapana mti wa kumpa mtu kivuli.

Tarehe 7 Oktoba mwaka 2008, saa kumi na moja na dakika arobaini na sita alfajiri, kwa saa iliyokuwa sawa na ile ya Nairobi na Dar es Salaam, watu wa nchi hiyo walikuwa wamekwisha kuamka. Wengine walikuwa wakitoka katika sala ya alfajiri. Ghafula mbingu zikawaka. Moto mweupe ulikuja kutoka upande wa magharibi ukienda mashariki, ukaangaza jangwa, ukapasuka, kisha ukazimika. Baada yake kukabaki wingu la moshi na vumbi juu sana. Jua lilikuwa bado halijachomoza kwa watu waliokuwa chini, lakini huko juu miale yake ilikwisha kulifikia wingu lile, likang'aa, na pepo za juu zikalipinda-pinda kama uzi uliomwagika. Watu walisimama wakilitazama, na wako walioinua simu zao wakalipiga picha.

Sasa sikilizeni ajabu yenyewe. Watu wa Kituo cha Sita waliamka na kusali kama siku zote, lakini mbali nao, katika Marekani na Ulaya, walikuwako watu waliokesha wakingoja moto huo, nao walijua dakika yake. Asubuhi ya siku iliyotangulia kwa saa yetu, ambayo kwao ilikuwa karibu na usiku wa manane, Bwana Richard Kowalski alikuwa kazini kwenye darubini ya mlima Mount Lemmon, karibu na mji wa Tucson katika jimbo la Arizona. Kazi ya darubini hiyo ni kuupiga picha usiku mzima wa mbinguni na kutafuta kitu chochote kinachojongea mahali ambapo nyota zimetulia. Akaona nukta moja ndogo inayokwenda. Akaipeleka habari kwa wenye kupiga hesabu, nao walipopiga wakaona ya kuwa nukta ile ni jiwe, na ya kuwa jiwe lenyewe litaigonga dunia kabla ya saa 20 kupita, nalo litaanguka kaskazini ya Sudan.

Jambo kama hilo lilikuwa halijapata kutokea tangu mwanadamu aanze kutazama nyota. Mawe mengi yamekwisha kuanguka, lakini hapana hata moja lililoonekana likiwa bado safarini angani. Wataalamu wa falaki wa nchi nyingi wakageuza darubini zao, wakaletewa mamia ya vipimo. Jiwe likapewa jina la daftarini, 2008 TC3. Wakakisia ya kuwa upana wake ni kama futi 13, yaani si kubwa kuliko chumba kidogo cha kulala, na uzito wake kama tani 80. Walilifuata kwa macho mpaka karibu saa moja kabla ya kuanguka. Ndipo likaingia katika kivuli cha dunia, likapotea machoni pao, maana jiwe halina nuru yake lenyewe, bali huonekana kwa kumulikwa na jua tu. Saa ile ya mwisho lilikuja gizani.

Rubani mmoja wa ndege ya abiria, aliyekuwa amepashwa habari mapema, aliona miali mbali kwenye upeo wa macho, ingawa alikuwa umbali wa maili zaidi ya 800. Chombo kimoja kizungukacho dunia kwa kazi ya kuchungulia hali ya hewa kilinasa mwanga wake. Na hapa kwetu Afrika ya Mashariki pia habari ilifika, kwa njia ambayo watu wachache waliitambua. Katika nchi ya Kenya kiko kituo chenye masikio ya kusikiliza mivumo ya chini mno, isiyosikika kwa sikio la binadamu, kilichowekwa ili kuchunga majaribio ya mabomu ya atomiki. Mvumo wa jiwe lile ulisafiri angani maili 1,500 hivi, ukafika Kenya yapata saa mbili na dakika kumi asubuhi. Wakati huo watoto wamekwisha kuingia darasani, na hapana aliyesikia kitu ila mashine.

Yafaa sasa nieleze moto wenyewe ni nini. Wazee wetu wa pwani husema ya kuwa kimondo ni kijinga cha moto wanachotupiwa mashetani wanaokwenda kusikiliza kwa siri maneno ya mbinguni. Mimi sikuja kubishana na imani ya mtu. Ninasema habari za kile kiokotwacho, na kiokotwacho ni jiwe, au chuma, au vyote viwili pamoja.

Anga kati ya sayari si tupu. Mna mawe mengi, makubwa kama milima na madogo kama punje ya mtama, na yote yanazunguka jua kama dunia yetu inavyozunguka. Njia ya jiwe ikikutana na njia ya dunia, jiwe huingia katika hewa yetu kwa mwendo ambao ni vigumu kuuwaza. Lile la Sudan liliingia kwa mwendo wa karibu maili 8 katika sekunde moja, yaani mwendo wa kutoka Mombasa mpaka Nairobi kwa muda usiotimiza dakika moja. Hewa iliyo mbele ya jiwe haipati nafasi ya kukimbia. Hubanwa, na kwa kubanwa hupata moto mkali. Mwenye baiskeli anajua jambo hili: akijaza upepo kwa haraka, bomba hupata moto mkononi. Basi hewa hiyo iliyobanwa ndiyo inayowaka, nayo huyeyusha ngozi ya nje ya jiwe. Vile vimondo vidogo tuvionavyo usiku, vingi si vikubwa kuliko punje, navyo huisha vyote juu huko bila kuacha kitu.

Kwa nini alfajiri? Dunia inakimbia katika njia yake ya kuzunguka jua. Mtu akimbiaye katika mvua hulowa kifua zaidi kuliko mgongo. Sasa, tangu usiku wa manane mpaka mapambazuko, sisi tuko upande wa kifua cha dunia, upande unaotangulia. Jioni tuko upande wa mgongo. Kwa hiyo anayekaa nje saa kumi ya usiku atahesabu vimondo vidogo vingi kuliko anayekaa nje saa mbili. Lakini vile vikubwa vyaweza kuja wakati wo wote, hata mchana wa jua kali.

Turudi Kituo cha Sita. Jiwe la tani 80 lilipasuka juu sana, maili 23 kutoka chini, kwa nguvu iliyokisiwa kuwa kama tani 1,000 za baruti kali. Wengi wenye elimu walidhani limekuwa vumbi lote. Walakini Bwana Peter Jenniskens, Mholanzi afanyaye kazi katika Taasisi ya SETI huko California, hakuridhika na dhana hiyo. Akafunga safari mpaka Khartoum, akaonana na Bwana Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha mji huo, nao wawili wakaenda kaskazini kufanya jambo ambalo lingefanywa na hakimu wa kijiji: kuuliza mashahidi. Waliuliza Wadi Halfa, wakauliza na vituoni kwenye reli. Ulikuwa umesimama wapi? Uliona moto upande gani? Ulizimikia juu ya kilima kipi? Mtumishi wa reli aliyesimama mlangoni pake alfajiri ile alikuwa na kitu kisichokuwako Arizona, nacho ni mahali aliposimama na kilima alichokijua. Aliweza kunyosha kidole.

Tarehe 6 Desemba 2008 wakatoka wanafunzi na watumishi wa Chuo Kikuu cha Khartoum, watu 45, wakapanga safu ndefu jangwani, mtu na mwenziwe wakiachana hatua kadhaa, kama watu wanaoswaga wanyama porini, wakaanza kutembea macho yakiwa chini. Jangwa lile lina mawe meusi ya kwake pia, basi kazi haikuwa nyepesi. Lakini siku ya kwanza hiyo hiyo mwanafunzi mmoja aliona jiwe dogo jeusi lililolala juu ya changarawe kama kitu kilichowekwa hapo jana. Katika misafara ya kwanza waliokota vipande 47, vilivyotawanyika katika njia ya maili 18. Uzito wa vyote pamoja ulikuwa karibu ratili 9. Misafara ya baadaye iliongeza vipande hata vikafika mamia. Hesabu hiyo yataka kutazamwa mara ya pili: tani 80 ziliingia hewani, na zilizookotwa mwanzoni kijana mmoja angeweza kuzichukua mkobani.

Mawe hayo ni ya namna isiyo ya kawaida, tena yamechanganyika. Kipande hiki si sawa na kile, ingawa vilikuja pamoja. Ndani yake mna almasi, lakini ndogo mno, hazionekani kwa macho, wala hapana sonara atakayezivisha pete. Mwaka 2018 wataalamu waliozichunguza walitangaza ya kuwa almasi hizo zilifanyika ndani ya sayari kubwa iliyovunjika zamani sana, mwanzoni mwa ulimwengu wetu huu wa jua.

Mtu atauliza, je, vitu hivi havituhusu sisi wa huku? Vyatuhusu sana. Katika Tanganyika ya zamani, Tanzania ya leo, huko Mbozi katika nyanda za juu za kusini, kiko kimondo cha chuma chenye urefu wa futi 10 na zaidi, na uzito unaokisiwa kuwa kati ya tani 12 na 16. Habari zake zilitangaa nje mwaka 1930. Na tarehe 14 Agosti 1992, alasiri saa tisa na dakika arobaini, mvua ya mawe ya angani ilishuka juu ya mji wa Mbale katika Uganda, ikaanguka mashambani na majumbani. Jiwe kubwa kuliko yote lilikuwa na uzito wa ratili 60. Kipande kidogo kuliko kokwa ya embe kiliangukia jani la mgomba, kikadunda, kikampiga mtoto mmoja kichwani. Mtoto hakuumia, jani lilikwisha kukipunguzia nguvu. Lakini imeandikwa ya kuwa watu wengine waliyasaga mawe hayo wakayala, wakitumaini kuponywa ugonjwa wa UKIMWI. Siwacheki watu hao, maana aliyeshikwa na maji hukamata hata jani. Ila nasema waziwazi: jiwe la kimondo halina dawa ndani yake, nalo lina chuma na nikeli, ambavyo si chakula cha mtu.

Sasa nafika penye hatari, nanyi wanafunzi tegeni masikio. Tarehe 15 Februari 2013, asubuhi ya baridi kali, jiwe la upana wa futi 65 hivi liliingia juu ya mji wa Chelyabinsk katika Urusi. Hakuna aliyekuwa ameliona mapema, kwa maana lilikuja kutoka upande wa jua. Nuru yake ilishinda jua lenyewe. Watu majumbani na mashuleni waliona mwangaza huo, wakafanya ambalo kila mmoja wetu angefanya: walikimbilia madirishani kutazama. Wakasimama hapo wakiutazama moshi, kimya kimetanda. Zikapita dakika mbili na zaidi kidogo. Ndipo wimbi la hewa lililotoka kwenye mpasuko likafika chini, likavunja vioo vya maelfu ya nyumba kwa mara moja. Watu zaidi ya 1,000 waliumia, na wengi wao waliumizwa na vioo, wala si na jiwe. Mwalimu mmoja wa kike alipoona nuru ile hakuwaachia watoto waende dirishani. Aliwaamuru waingie chini ya meza zao. Watoto 44 wa darasa lake wakasalimika, na yeye mwenyewe, aliyebaki amesimama, akakatwa na vioo.

Nuru husafiri upesi mno, lakini sauti hutembea. Huchukua kama sekunde 5 kukata maili moja. Kwa hiyo kimya kinachofuata nuru kubwa si salama. Ukiona mwanga wa namna hiyo nawe umo ndani ya nyumba yenye vioo, kaa mbali na dirisha, funika uso, na ungoje dakika tano kamili. Ukiwa shambani, jiepushe na ukuta mbovu na bati lililolegea, kisha endelea kutazama.

Na unapotazama, anza kuhesabu moja, mbili, tatu, tangu uone nuru mpaka usikie mngurumo. Ukihesabu mpaka 100, moto ulipasuka umbali wa kama maili 20 kutoka kwako. Usiondoke ulipo kabla ya kuweka alama: chora mstari mchangani kwa kisigino, kuelekea mahali moto ulipoanza kuonekana, na mwingine kuelekea ulipozimika. Kujua urefu wake juu ya upeo wa macho, nyosha mkono wako na ukunje ngumi. Ngumi moja ni kama digrii 10. Kisha andika saa, hata kwa mkaa ukutani. Andika rangi, na kama ulipasuka mara moja au mara nyingi. Fanya hivyo kabla hujakaa barazani na wenzako, maana baada ya mazungumzo ya saa moja, watu kumi walioona moto kumi watakuwa wameona moto mmoja, nao utakuwa wa yule mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Liko na jambo la kutofautisha. Siku hizi vyombo vilivyopelekwa angani na wanadamu navyo huanguka. Hivyo kwa kawaida huenda polepole, huweza kuvuka mbingu kwa muda wa dakika nzima, vikikatika vipande-vipande vinavyofuatana kama taa za msafara. Kimondo hupita kwa sekunde chache tu. Mwisho wa Desemba 2024 pete kubwa ya chuma, uzito wake kama kilo 500, ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya, na wenye mamlaka ya anga wa nchi hiyo walisema ya kuwa ni kipande cha roketi. Kitu kama hicho usikiguse, maana chaweza kuwa na sumu. Waite wakubwa wa mahali.

Lakini jiwe lililoanguka kutoka kwenye kimondo halina sumu, wala kwa kawaida halichomi mkono, kwa sababu moto huzimika juu sana na jiwe humalizia safari yake katika hewa ya baridi. Litambue kwa ganda lake jeusi, jembamba kama ganda la yai, na kwa uzito wake unaozidi wa mawe ya kawaida ya ukubwa ule. Mengi huvutwa na sumaku. Usilioshe, usilipasue kwa nyundo kutafuta dhahabu. Lifunge katika kitambaa safi kilicho kikavu, uandike mahali ulipoliokota, ulipeleke kwa mwalimu wa shule, naye alipeleke habari yake kwenye chuo kikuu kilicho karibu. Mvua ikilipata, litaanza kuota kutu ndani ya siku chache, na habari iliyokuwa ndani yake itaharibika. Yale ya Sudan yalikaa jangwani miezi miwili bila kuharibika kwa sababu jangwa lile halina mvua.

Wakati wangu umekwisha, wasikilizaji. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Desemba kila mwaka vimondo vidogo huwa vingi sana, na kuanzia saa nane ya usiku mtu hahitaji darubini, ila mkeka wa kulalia chali na mbingu isiyo na mawingu. Kwaherini.